Jiwe la Chumvi Juu ya Friji

Jiwe lilikuja Krismasi ya mwaka wa kwanza wa korona. Binti yangu ni muuguzi, na huko kazini walikuwa na mchezo wao wa kupeana zawadi bila mtu kujua nani kampa nani. Yeye akapata hilo. Lilikuwa bamba la rangi ya waridi, pana kama ubao wa kukatia nyama, unene wa vidole vitatu, na zito mpaka nilipolipokea mikono ilishuka. Kwenye boksi kulikuwa na picha ya samaki anayechomwa juu yake.

"Chumvi yote hii?" nikauliza.

"Ni ya mapambo, baba." Akalirudisha ndani ya boksi, akaliweka juu ya friji, mahali ambapo mkono wangu haufiki bila kigoda.

Sikumlaumu. Katika nyumba yetu ya Toongabbie, magharibi ya Sydney, hakukuwa na chumvi. Tangu tulipomzika mama yake, miaka miwili kabla ya hapo, kopo la chumvi liliondoka jikoni, na mimi sikuwahi kuuliza limekwenda wapi. Mama yake alikufa kwa kiharusi. Alikuwa na presha, na aliyetaka chumvi ndani ya nyumba alikuwa mimi.

Ladha hiyo niliitoa mbali. Nilipomaliza kidato cha nne nilipata kazi ya ukarani kwenye mashamba ya chumvi kaskazini ya Malindi, nikakaa huko miaka kumi na tisa. Maji ya bahari yaliingizwa bwawa hili, yakapelekwa lile, yakizidi kuwa mazito kwa jua, hadi bwawa la mwisho likabaki jeupe na watu wakaingia na majembe ya mbao kuikokota chumvi. Saa sita mchana huwezi kutazama chini kwa mng'ao. Chumvi ilikaa kwenye nyusi na kwenye kola ya shati. Baiskeli yangu mpya ililiwa na kutu kabla mwaka haujaisha. Nilikuwa nikilamba midomo kutwa bila kujua, na nikifika nyumbani chakula cha kawaida kilikuwa kama pamba mdomoni.

Tulikaa kwenye nyumba za wafanyakazi, chumba kimoja na jiko la nje. Katika mabwawa ya kwanza, ambako maji yalikuwa bado ya bahari, walinaswa kamba, na msimamizi hakujali tukiwachukua. Mke wangu aliwapika kwa nazi na ndimu, au akawachoma tu na magamba yao juu ya makaa. Harufu ile ikinikuta njiani nilikuwa naongeza mwendo. Nikiifikiria sasa naona mpaka moshi ulivyokuwa ukiinama kwa upepo, na leso yake iliyopauka, na nywele zake zikiwa na vumbi jeupe kama za bibi kizee, ilhali alikuwa hajafika miaka thelathini.

Akishaweka sahani alisimama mlangoni, mkono kwenye fremu, akingoja nionje. Kama chumvi haikutosha nilisema, "Haina kitu," naye akaleta kopo. Kama ilitosha sikusema lolote, nikaendelea kula, na kwa kule kutosema akajua chakula ni kizuri. Hapo ndipo alipokuja kuketi. Tulifanya hivyo maisha yetu yote, na hakuna siku hata moja niliyomwambia aketi kwanza.

Binti yetu alipotuleta Australia nilipata kazi kwenye ghala karibu na Port Botany, kupanga mizigo iliyotoka kwenye makontena, hadi magoti yalipokataa. Huku ndiko daktari alikompima mke wangu na kumwambia apunguze chumvi. Alijaribu. Wiki mbili alipika bila chumvi, na wiki mbili nikanung'unika kila mlo. Nilisema mimi si mgonjwa. Aliponiomba nijitilie yangu mezani, nilimjibu kwamba chumvi ya juu si sawa na chumvi iliyoiva na chakula. Hilo ni kweli, ila halikuwa na maana yoyote mbele ya uhai wake. Akarudia sufuria moja yenye chumvi yangu, tukala wote wawili.

Mwaka wa pili wa korona, katikati ya baridi, sisi wa magharibi ya Sydney tulifungiwa ndani. Kilomita tano tu kutoka mlangoni kwako, na helikopta ya polisi ikizunguka juu ya mapaa. Binti yangu alikuwa kwenye wodi ya wagonjwa wa korona.

"Baba, nahamia gereji," aliniambia. "Una miaka sabini na tatu. Siwezi kukuletea kitu kile ndani."

Akapeleka kitanda cha kukunja na hita ndogo. Gereji yetu ina mlango unaotokea chumba cha kufulia, na mlango huo ukawa mpaka. Tukawa watu wa kupigiana simu ndani ya nyumba moja. Alikuwa akirudi saa kumi za jioni, alama ya barakoa imemchora pua, anakula tambi za kikombe peke yake kati ya ngazi na mashine ya kukatia majani.

Nilijiambia ni virusi. Lakini tangu maziko tulikuwa hatuli pamoja. Alikuwa akila amesimama kwenye sinki, kijiko hiki na kile, kisha amechelewa shifti. Korona ilimpa sababu yenye heshima, basi. Nilijua ananilaumu kwa ile chumvi, na nilitaka jambo moja tu: aketi mezani na mimi tena.

Siwezi kusema nilianza vizuri. Wiki ya tatu nilipanda kigoda, nikalishusha jiwe, nikalikwangua kwa kisu juu ya mayai yangu. Kesho yake nikalikwangua tena. Siku moja binti yangu aliingia na barakoa yake kuchukua nguo, na baadaye simu ikalia.

"Baba, kuna panya humo ndani anayekula mawe?"

"Sijui. Sijamwona."

"Nafikiri ni panya mkubwa. Ana mvi."

Tukacheka. Halafu kicheko chake kikakatika, nikajua amemfikiria mama yake.

Ndipo nilipoamua nitampikia kwa hilo hilo jiwe, chakula cha kweli, aache tambi. Mimi ambaye sikuwahi kupika hata uji. Kwanza nikaliosha. Nililisugua kwa sabuni na maji ya moto kama mtu anavyosugua sufuria, nikaliona linateleza mkononi kama samaki, linapungua. Likiwa bado bichi nikaliweka juu ya jiko la gesi, nikafungua moto wote. Ilikuwa kama dakika nne. Lilitoa mlio, kisha likapasuka kwa kishindo na kipande kikaruka hadi kwenye pazia. King'ora cha moshi kikaanza kulia na mimi ninapepea kitaulo.

Katikati ya zogo hilo rafiki yangu akapiga simu. Ni mzee Mkongomani tuliyefanya naye kazi ghalani, anaishi Auburn, na wakati ule alikuwa akinipigia kila siku kuhakikisha sijafa.

"Papa, njo nini hiyo inalia?"

"Napika. Jiwe la chumvi limepasuka."

"Unapika jiwe?" Akamwambia mtu aliyekuwa naye, "Sikia, mzee anapika majiwe!" Kisha akarudi kwangu. "Papa, kwetu hiyo ni ya ng'ombe. Tunaiweka mu shamba, ng'ombe zinalamba. Sasa weye uko ng'ombe?"

"Leo, ndiyo."

Alicheka hadi akakohoa, na siku zile mtu akikohoa kwenye simu mnanyamaza wote wawili. "Hapana, si Corona," akasema. "Ni weye. Lakini jiwe, papa, hata ya kujengea, ukiitia moto mbio inapasuka. Uende nayo polepole."

Kikabaki kipande kimoja kikubwa, upana wa viganja viwili. Nilikiacha kikauke siku mbili karibu na dirisha. Kisha nikajifunza: moto mdogo kabisa robo saa, unaongeza kidogo, unangoja, unaongeza, mpaka tone la maji likigusa linaruka. Ni karibu saa nzima kabla hujaweka chakula. Yai halifai, linakuwa chumvi tupu. Nyanya ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu kitu chenye maji mengi kinalinywa jiwe. Nyama kavu iliyopakwa mafuta inakwenda. Lakini kamba walio na magamba yao wakaniacha nimesimama jikoni sijui nifanye nini. Chumvi inawafikia kidogo tu, kama kwa mbali. Na harufu ilikuwa ile ile ya njiani, ya miaka mingi, ila bila makaa na bila upepo.

Kwa hiyo ukitaka chumvi tu, nunua kopo. Jiwe ni kupoteza gesi. Mimi sikuwa natafuta chumvi tena.

Niliweka kamba sita kwenye sahani, nikafunika kwa sahani nyingine, nikaiacha juu ya kigoda mbele ya mlango wa gereji. Nikarudi sebuleni, nikapiga simu.

"Kuna chakula mlangoni."

"Nimeona. Ni nini?"

"Kamba. Nimewapika kwa lile jiwe. Chumvi si nyingi, magamba yanaizuia." Nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yakanipotea yote. "Mwanangu, mama yako alikula chumvi yangu. Daktari alisema, wewe ulisema, na mimi nikasikia na sikuacha. Najua ndiyo maana hutaki kuketi na mimi."

Nilisikia hita yake ikivuma.

"Baba, unafikiri nimekasirikia chumvi?"

"Si ndiyo?"

"Mimi ni nesi. Presha naijua. Mama alikuwa akiruka dawa, na bibi mzaa mama alikufa hivyo hivyo. Chumvi ilichangia, sikudanganyi. Lakini si hiyo." Akavuta pumzi. "Unaikumbuka ile Pasaka watu wa kanisa walikuja?"

"Pasaka gani?"

"Unaona? Hata huikumbuki. Mama alipika tangu alfajiri. Mimi ndiye nilimwomba asitie chumvi nyingi. Wewe ukaonja, ukasukuma sahani hadi katikati ya meza, mbele ya watu wote. Ukasema, 'Leo tumepikiwa chakula cha hospitali.' Watu wakacheka. Mama alikuwa amesimama mlangoni, na yeye akacheka. Lakini mimi nilikuwa nyuma yake, niliona mkono wake."

"Mkono wake ulifanya nini?"

"Alikuwa anaikunja leso yake nyuma ya mgongo. Anaikunja, anaikunjua. Mpaka mlipomaliza kula." Kisha akasema, "Nimechoka, baba. Wacha nilale kidogo."

Asubuhi, alipokuwa amekwenda kazini, nilifungua mlango wa chumba cha kufulia. Sahani ilikuwa juu ya kigoda, imefunikwa vile vile, kamba wote sita ndani. Niliwala baridi, nimesimama kwenye sinki.

Siku nyingi niliitafuta Pasaka ile kichwani na sikuiona. Jambo hilo liliniuma kuliko yale aliyosema. Kosa nililokuwa nimelibeba miaka yote nilijichagulia mwenyewe, tena kubwa, lenye daktari na kifo ndani yake. Hili dogo, la mkono mmoja nyuma ya mgongo, sikuwa hata nimeliweka. Halafu siku moja nikiwa naanika nguo nikaikumbuka, lakini si sahani wala mke wangu. Nilikumbuka kicheko cha wageni, na jinsi nilivyofurahi kwamba nimewachekesha.

Nilimpigia hapo hapo, nikijua yuko kazini na hatapokea. Nikaacha ujumbe: "Nimeikumbuka. Ni kweli yote." Hakunijibu kuhusu hilo, si siku ile wala baadaye.

Joto lilipoanza kurudi tulikuwa tumechanjwa, na milango ikafunguliwa. Binti yangu alikunja kitanda chake, akarudi chumbani. Ila chakula bado alikula kwenye sinki.

Jumapili moja mchana, siku yake ya kupumzika, nilianza kulipasha jiwe saa tano na nusu. Nilipika wali na sukuma wiki bila chumvi, maana hayo nilikuwa nimejifunza pia. Nikaweka sahani mbili mezani, na kamba katikati, na ndimu iliyokatwa. Sikumwita. Alitoka mwenyewe na nywele zake za kulala, akaiangalia meza muda mrefu, halafu akavuta kiti.

Alichukua kamba mmoja, akaanza kumenya gamba taratibu, na mimi nikajikuta sijui pa kuweka mikono. Nilisogea hadi mlango wa jikoni, nikasimama hapo. Nikashika fremu. Ni wakati wa kungoja tu, labda nusu dakika, lakini ulikuwa mrefu, na nikafikiri: kila siku? Mchana na jioni, miaka yote ile?

Akatafuna. Akakunja uso.

"Huyu chumvi imemzidi upande mmoja."

"Nilichelewa kumgeuza."

Akamenya mwingine, akamkamulia ndimu, akala. Akalamba kidole. Kisha akainua macho, akaniona pale niliposimama, na uso wake ukabadilika. Nafikiri hakuniona mimi peke yangu pale.

"Baba, njoo uketi," akasema. "Usisimame hapo mlangoni. Keti tule."

Nikaketi. Wali haukuwa na chumvi hata chembe. Nilikula, nikaomba tena.