Besi Yangu na Kiapo cha Meiske

Mpwa wangu Meiske alipata uraia wa Uholanzi kwa sababu ya sauti yangu ya besi. Mumewe Wouter ana maelezo mengine, lakini Wouter ni mtu wa vipimo. Alifanya kazi ya kufukua mchanga baharini kwa miaka mingi hapa Penang, Malaysia, na mtu wa namna hiyo utamweleza nini kuhusu kuimba? Mimi shule niliiacha mapema, ila kwaya ya kanisa kule kwetu Manado, Indonesia, haikuniacha mpaka leo.

Mambo yalikuwa hivi. Kampuni ilimwachisha Wouter kazi, na huko kwao Kampen, Uholanzi, mama yake kazeeka, ngazi za nyumba yake mwenyewe zinamshinda. Lazima mtoto arudi. Lakini mume asiye na kazi haruhusiwi kumleta mke mgeni akae kule. Kwa hiyo Meiske aingie akiwa Mholanzi, au abaki Penang na mimi na friji mbovu ninazotengeneza, mumewe upande wa pili wa dunia.

Bahati nzuri ndoa yao ilikuwa ya siku nyingi, na walikuwa wakiishi pamoja nje ya Indonesia, hivyo aliweza kuomba uraia akiwa hapahapa. Akasoma Kiholanzi mpaka paka wetu akawa anakaripiwa kwa lugha hiyo. Akafaulu mtihani. Akakubaliwa.

Mnashangilia? Subirini kwanza. Kukubaliwa peke yake hakutoshi. Unakwenda ubalozini, unasimama mbele za watu, unatamka kwa mdomo wako kwamba utaheshimu sheria za kwao. Mwaka ukipita hujatamka, kibali kimekufa, unaanza upya.

Sherehe ya kwanza tuliikosa. Sisi Waminahasa wa Manado hatufungi safari bila ibada nyumbani, na ibada haiishi bila chakula, na chakula hakiliwi kabla kila mkubwa hajasimama kutoa shukrani. Wouter alikuwa anazunguka sebuleni na funguo za gari.

"Mjomba, saa!"

"Kaa, mkwe wangu. Mungu hana saa."

"Ubalozi unayo!"

Tulifika Kuala Lumpur watu wameshakunywa kahawa, viti vinakunjwa. Meiske alilia njia nzima ya kurudi. Wouter hakunihesabia makosa yangu kwa vidole kama afanyavyo akikasirika, na ndipo nilipojua mambo ni mabaya.

Ikabaki sherehe moja tu kabla mwaka haujaisha.

Safari hii tulitangulia siku moja kabla, sisi pamoja na wanakwaya wenzangu wa Penang, tukapanga vyumba karibu na ubalozi. Jioni, Meiske alikuwa anakata keki yake ya nazi vipande, kwani hajawahi kwenda kwa watu mikono mitupu. Kisu kikasimama.

"Mjomba, nikishatamka, Indonesia inanifuta. Haitaki mtu wa nchi mbili. Nitakwenda kwenye kaburi la mama kama mtalii."

"We mtoto, kaburi halikagui pasi. Kata keki."

Akacheka kidogo. Keki aliikata vibaya.

Asubuhi tulikuwa mlangoni kabla ya mlinzi kumaliza chai. Bibi mmoja mrefu wa ubalozi akatutazama tulivyojaa.

"Ninyi nyote mmekuja na huyu mama?"

"Hawa ni wachache tu," nikamwambia. "Wengine wana mafua."

Jina la Meiske likaitwa. Akasimama mbele, gauni limenyooka, mikono imeshikana. Bibi akamwashiria aseme. Meiske akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Akajaribu tena. Mtu akakohoa. Yale maneno alikuwa anayaimba hata akiosha vyombo, sasa yamekwama kooni kama mwiba wa samaki.

"Pole pole, mama," bibi akasema.

Meiske akanong'ona, "Naomba niimbe kwanza. Ubeti mmoja."

Bibi akamgeukia Wouter. Nami nikamtazama Wouter, yule wa funguo na saa. Uso ulikuwa mwekundu kama pilipili zetu.

"Mwacheni aimbe," akasema.

Meiske akaanza ule wimbo tuliomwimbia mama yake siku ya kumzika. Sauti ilikuwa nyembamba, inatetemeka. Wenzangu wakainuka bila kuitwa, kila mmoja akashika sauti yake, nami nikashusha besi mpaka vikombe vya kahawa vikalia kwenye visahani. Ubeti ukaisha. Meiske akajifuta macho, akavuta pumzi, akatamka kiapo chote kwa Kiholanzi, mwanzo hadi mwisho, hadi pale pa kumwomba Mungu amsaidie.

Bibi akampa mkono. "Hongera. Wewe ni Mholanzi."

Wouter akakaa chini kama mtu aliyetuliwa gunia. Alilia, na mimi nikamtania baadaye, lakini pale nilikuwa natafuta leso yangu mwenyewe.

Kisha tukakaribishwa kahawa, na biskuti moja kila mtu. Moja! Meiske akafunua sinia lake. Keki ya nazi iliisha kabla sijapata kipande cha pili, na yule bibi mrefu ndiye aliyekomba sinia.

Wouter mpaka leo anasisitiza kwamba kilichotuokoa ni kuwahi. Sibishani naye. Siku ile tukirudi, kwenye gari Meiske alilala kichwa kikiwa begani kwa mumewe, mdomo wazi, akikoroma vilevile kama mama yake. Wouter akanigeukia.

"Mjomba, wewe utakuja lini Kampen?"

"Nitumie kwanza ukubwa wa kanisa lenu," nikamjibu. "Nisije nikabomoa madirisha."