Flashi Nyeusi

Nimechoka kuulizwa kama sikuwa na nakala. Sikuwa nayo, basi. Nilichokuwa nacho ni flashi ndogo nyeusi niliyopewa na fundi wa pale Mbinga mjini siku aliponitengenezea laptop. Alinieleza taratibu, maana mwalimu wa shule ya msingi kama mimi si mtu wa kompyuta: mashine ikiwashwa hutafuta kwanza diski yake ya ndani, ikiikosa, huangalia kwenye flashi. "Hii ina mfumo mdogo wa kuiwashia, Mwalimu. Siku diski ikigoma, utaingilia hapa utoe mafaili yako. Usiweke kitu kingine." Nikaitikia, sawa, sawa.

Ndani ya laptop ile mlikuwa na maneno ya baba yangu. Miaka miwili, kila Jumapili baada ya misa, alikaa jikoni kwangu Kitura akinitajia kwa Kimatengo majina ya kila kitu cha shamba: mbegu za maharage zilizopotea, kila hatua ya kuchimba ngolo, yale mashimo yetu ya mteremkoni, hata vijito vilivyokwisha kukauka. Nami nachapa. Kumbukumbu zilikuwa zimeanza kumponyoka na alijua, ndiyo maana alikuwa na haraka.

Kisha mtoto wa shangazi akaolewa. Kwetu harusi bila nyimbo za kwaya si harusi, na flashi zangu nyingine zote watu walikuwa wameziazima. Nikaifuta ile nyeusi, nikajaza nyimbo. Tulicheza mpaka miguu ikavimba, sikatai.

Wiki mbili baadaye diski ikagoma. Mashine ikaitafuta, ikaikosa, ikageukia flashi, ikakuta kwaya. Ikaniandikia kwamba hakuna cha kuwashia. Jamani! Badala ya kuiacha, nikawa naizima na kuiwasha siku tatu mfululizo, huku inagonga kwa ndani, ngo, ngo, ngo. Fundi alipoifungua alitikisa kichwa.

"Ungeingia kwa flashi siku ile ile, Mwalimu, yangetoka yote. Sasa umeimalizia mwenyewe."

Sikumficha baba. Nilimwamkia, nikakaa, nikamwambia yamepotea, kosa ni langu, tuanze upya. Hakufoka. Nikafungua daftari, nikamuuliza jina la yale maharage mekundu aliyokuwa akipanda mama yake.

Akanitazama usoni akingoja nimsaidie.

"Hilo si nilishakupa wewe?"