Ruqayya na Mwanamke Aliyekataa Kuapa

Ruqayya Haji alikuwa na ugonjwa mmoja: aliamini kwamba akimtazama mtu mara moja, keshamjua. Mwenyewe aliuita kipaji. Mimi niliyepanga naye chumba kule Kandara, Jeddah, kwa miaka minne, niliuita ugonjwa, na nilimwambia hivyo usoni. Alicheka tu, akaniongezea chai.

Alizaliwa Unguja, akasomeshwa Kiarabu tangu mdogo, na mwaka 2010 akaja Saudia kukaa kaunta kwenye duka la kutuma mizigo huko Batha, Riyadh. Kutwa nzima aliwasikiliza watu wakieleza kilichomo ndani ya maboksi yao. Anayekuna shingo kafunga simu ndani ya blanketi. Anayeongea sana, boksi lake limezidi kilo. Mara nyingi alipatia, na hilo ndilo lililomharibu. Alipohamia Jeddah kuwa mkalimani wa mahakamani, alikuja na macho yaleyale.

Nisimsingizie: maneno ya mtu hakuyagusa. Ulichokisema kwa Kiswahili alikisema kwa Kiarabu, bila kutia chumvi wala kupunguza. Ila mwili wake ulikuwa na maneno yake wenyewe. Akikuamini, alikugeukia. Asipokuamini, alikupa bega, na sauti yake ikawa ya mtu anayesoma risiti. Yeye hakulijua hilo. Mimi ni muuguzi, nimezoea wagonjwa wanaosema hawaumwi huku wamekunja vidole vya miguu, kwa hiyo nililiona mapema. Kumwambia nilimwambia. Kusikia ndiyo hakusikia.

Mwaka 2014 ikaja kesi ya Metrine, msichana wa Kiluhya kutoka Kaimosi, aliyefanya kazi za ndani katika nyumba moja ya mtaa wa Al-Safa. Madam wake, mjane mzee, alikuwa amepoteza bangili za dhahabu alizovishwa siku ya arusi yake. Mwanawe madam, Adnan, akamshitaki Metrine wiki mbili kabla ya mkataba wake kwisha. Na kesi ikiwapo, ruhusa ya kutoka nchini hupati. Metrine alikuwa ameacha binti wa mwaka mmoja nyumbani. Sasa mtoto alikuwa na miaka mitatu na alimwita bibi yake mama. Akishinda, angepanda ndege akamchukue mwanawe. Akishindwa, ni gerezani, na hakuna aliyejua kwa muda gani.

Wakenya wenzake tulitafuta mtu wa kumsindikiza, nikaangukiwa mimi. Pale kwenye korido ya mahakama Ruqayya alimuuliza jina lake, akamtazama, kisha akanivuta pembeni.

"Huyu kaiba, mwenzangu. Huoni mikono kaificha nyuma? Macho chini. Tena kuulizwa jina tu, anacheka."

"Huko kwetu ndiyo kusimama mbele ya mkubwa," nikamwambia. "Shuleni ukisimama vingine unachapwa. Na anacheka juu ya woga."

"Haya, wewe ndo unojua."

Tukaingia. Huko hakuna wazee wa baraza wa kushauriana. Kadhi ni mmoja, na huyu wetu hakujua Kiswahili hata neno. Basi akafanya ambalo mtu yeyote angefanya: akamtazama mkalimani. Kila Metrine alipojibu, macho ya kadhi yalikuwa kwa Ruqayya, na Ruqayya alikuwa amempa Metrine bega. "Anasema hakuchukua," kwa sauti ile ya risiti. Nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma, na nilitamani kumrushia kiatu.

Lakini Adnan hakuwa na shahidi. Kadhi akasema kwamba, kwa kuwa hakuna ushahidi, anayeshitakiwa aape kwa Mungu kuwa hakuchukua, na kesi iishe. Nikashusha pumzi. Metrine ataapa, halas, twende tukale.

Metrine akasema, "Mimi siapi."

Ruqayya hakunigeukia, lakini nililiona bega lake likisema, nilikwambia nini? Akatafsiri. Kadhi akaagiza msichana aelezwe vizuri kwamba kukataa kunaweza kuhesabiwa kuwa ni kukiri. Akaelezwa. Metrine akacheka kile kicheko chake.

"Nimeelewa," akasema. "Sikuchukua. Lakini sisi watu wa kanisa la Friends hatuapangi. Nyanya yangu hakuapa, mama yangu hakuapa. Nikiapa leo, ni kama nasema hizo siku zingine zote nilikuwa nadanganya."

Nimekua na watu wa kanisa hilo, shule zao nazijua, na sikuwahi kusikia jambo hili. Ruqayya ndiyo kabisa. Akakishika kiti chake, akakigeuza kizima, miguu ya chuma ikakwaruza sakafu, akakaa uso kwa uso na Metrine. Ndipo akatafsiri, polepole, neno kwa neno, na sauti ile ya risiti haikuwepo tena.

"Muongo ukimfungulia mlango anapita mbio," aliniambia baadaye. "Huyu kafunguliwa, kakataa kupita. Mie nilikuwa natazama mikono."

Kadhi akamtazama Metrine mwenyewe, kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Akamtazama sana. Kisha akasema kiapo kinarudi kwa anayedai: aape yeye kwamba huyu ndiye aliyezichukua. Adnan akasimama. Kadhi akamkalisha. Mwenye bangili ni mama, na kiapo hakiapwi kwa niaba.

Madam akainuka kwa kushika ukingo wa meza. "Wallahi," akaanza, akaishia hapo. "Yalla, mama," mwanawe akamhimiza. Bibi kizee akamwangalia Metrine, aliyekuwa bado ameficha mikono nyuma.

"Nilizitia kwenye droo, nikazikosa," akasema. "Hayo nayajua. Mkono wake sikuuona."

Akakaa. Kadhi akafunga faili na kusema madai yametupwa. Nililia, na sioni haya kusema.

Nje kwenye korido Ruqayya alimshika Metrine mikono yote miwili.

"Mwanangu, n'samehe. Nilikuona mwizi tangu mlangoni."

"Lakini maneno yangu uliyasema yote?"

"Yote."

"Basi, mama, sina shida na wewe."

Wakati huo madam alikuwa anapita, ameegemea mkono wa mwanawe. Metrine akamsogelea, akamgeukia Ruqayya.

"Mwambie dawa yake ya macho iko kwa friji, kwa mlango, kando ya maziwa. Ile ya kifuniko cha kijani ni ya asubuhi, nyeupe ni ya jioni. Na Adnan asimwekee, anafinya sana chupa."

Ruqayya, mwanamke aliyetafsiri talaka na mauaji bila sauti kutikisika hakuweza kutafsiri dawa ya macho. Akageukia ukutani, mabega yanapanda na kushuka. Basi nikatafsiri mimi, kwa Kiarabu changu kibovu cha wodini, nikionyesha kwa vidole pale maneno yaliponiishia: friji, mlango, kijani asubuhi, nyeupe jioni.

Madam alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, na hilo nililielewa bila msaada, kesho nani atamwekea.