Karibu kwa Kila Anayegonga

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilikuwa nimeacha shule, nikazurura hadi Kasulu. Nikapata kazi ya kupanga magunia dukani kwa mzee mmoja wa pwani. Chochote kilichogonga mlango wa nyuma alikiitikia "Karibu!", hata upepo. Siku moja mbuzi aliugonga kwa pembe, naye akaitika.

"Mzee, mpe na chai basi!" wateja wakamcheka.

Yeye hakucheka. Walipoondoka nikamuuliza sababu.

"Babu yangu alikuwa akichochea moto kwenye manowari ya Wazungu," alisema. "Siku hiyo alikuwa amepanda juu kupunga upepo, boila ikapasuka. Mlango wa chuma ukafungwa ili mvuke usipande. Wenzake wakabaki chini wakigonga. Babu alisimama pale pale, amekatazwa kufungua, na hakuwaitikia hata neno. Waligonga mpaka wakanyamaza. Alituusia kwamba anayegonga aitikiwe."

Baadaye nilihamia Kibondo, kwenye chumba chenye mlango wa bati. Alasiri moja upepo uliupiga, nikajikuta nimesema, "Karibu." Nikafungua. Hapakuwa na mtu. Hata hivyo sikuthubutu kuufunga, ingawa mvua ilikuwa ikilowesha mkeka wangu.