Kufunika Si Kuzima

Tangu mwanawe Mina amtengenezee bafu upya na kubandika utepe wa chuma unaong'aa kizingitini, mzee Wagdi aligoma kuvuka. Maisha yake ya kazi yote aliyamalizia chini ya mitaa ya Shubra, akitengeneza njia ya treni za ardhini. Huko umeme haupiti juu ya kichwa. Unapita kwenye reli ya tatu, kando ya miguu, kimya, na anayeikanyaga harudi kusimulia. Sasa akili ilikuwa imemtoroka mzee, lakini reli ile haikumtoka. Demiana, mkewe, akaufunika utepe kwa zulia. Mzee akamcheka.

"Kufunika si kuzima, dada."

Dada! Mwanamke aliyemzalia, aliyemfulia ovaroli zake mpaka vidole vikachubuka! Ilimuuma, tena sana. Ng'ombe haelemewi na nunduye, alijiambia, akaendelea kumpangusa kwa kitambaa kitandani. Lakini mzee alikuwa mzito, mgongo wake ulishaanza kutoka vidonda, na Mina akaishiwa subira.

"Mama, Pasaka ikipita baba hajaoga, nampeleka akalelewe na masista. Utatangulia kufa wewe."

"Baba yako haendi popote."

"Basi mwogeshe!"

Demiana akampigia simu Hamdi, fundi aliyefanya kazi na Wagdi miaka yote. Hamdi alicheka kwanza, kisha akamweleza.

"Mama Mina, huyo hashuki relini kwa kuambiwa tu umeme umekatwa. Lazima atajiwe jina la aliyepima. Tulikuwa tukimwita bibi harusi kwa woga wake, na ndiyo maana tuko hai. Mwambie Hamdi kapima."

Kesho yake Demiana akamsimamisha mzee mlangoni pa bafu, taulo begani.

"Umeme umekatwa," alimwambia.

"Nani kapima?"

Jina la Hamdi lilikuwa tayari ulimini. Lakini moyo una ukaidi wake. Ulitamani kusikia jina moja tu kinywani mwa yule mume, japo mara moja.

"Demiana kapima."

Uso wa mzee ukachangamka kwa tabasamu ambalo nyumba ile ilikuwa imelisahau.

"Demiana? Acha utani wako! Demiana na umeme wapi na wapi? Yule yuko nyumbani, ananingoja."

Machozi yalimlenga Demiana, akayameza.

"Na Hamdi pia kapima."

"Si ungesema mapema!"

Mzee akainua mguu juu, akavuka. Kisha akageuka, akamnyooshea mkono kama alivyozoea kuwavusha wenzake.

"Pita hapa, dada, inua mguu vizuri. Halafu tufanye upesi. Mke wangu hali mpaka nirudi."

Demiana akaushika mkono, akainua mguu, akavuka. Jikoni maharage yalikuwa yakipoa sufuriani, na kweli, alikuwa bado hajala.