Mama Wanga na Koti la Mkuu wa Polisi

Mama mkwe wangu aliitwa Mama Wanga mtaa mzima, na wageni wasiojua chanzo cha jina hilo walikuwa wakipita mbali na mlango wetu. Walidhani ni mambo ya kichawi. Kumbe ni ule wanga wa kukazia nguo tu. Hakuna aliyeweza kukaza kola ya shati kama yeye. Ukilivaa shati alilolipiga pasi, ilikubidi utembee kifua mbele hata kama siku hiyo huna raha.

Mume wake alifia machimboni akamwachia watoto wawili wadogo. Mwaka uliofuata akapata kazi katika chumba cha kufulia nyuma ya kituo kikuu cha polisi, enzi za mkoloni. Kilikuwa chumba kirefu chenye sakafu ya saruji, mapipa matatu ya maji ya moto upande mmoja, meza ya kupigia pasi upande wa pili, na dirisha moja la nondo lililotazama uwanja wa gwaride. Alifanya kazi humo miaka kumi na miwili. Pasi zilikuwa za mkaa, nzito kama mawe, na mkono wake wa kulia ulinenepa kuliko wa kushoto. Mpaka uzeeni alikuwa akinionyesha na kucheka: "Tazama, mwanangu, huu wa kulia ni wa serikali, huu wa kushoto ndio wangu."

Shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa seremala na mwanachama wa siri wa chama cha kudai uhuru. Mara kwa mara alimgusia. "Shemeji, wewe uko ndani kabisa ya tumbo lao. Huoni kitu? Husikii kitu?"

"Nasikia sabuni inavyotoa povu," alimjibu. "Mimi nafua nguo, sifui siasa. Nikifungwa, wanangu utawalea wewe, wewe ambaye hata paka amekushinda?"

Na kweli, paka wa seremala alikuwa amehamia kwa jirani.

Kilichombadilisha Mama Wanga ni mashati. Asubuhi moja ya Jumatatu aliletewa mashati kumi na sita katika kapu moja, yote yana damu. Jumapili yake watu walikuwa wamekusanyika uwanjani kudai kiongozi wao aachiwe, na polisi wakawavamia kwa virungu. Aliyagawa mashati yale katika mabeseni ya maji baridi, kwa sababu damu ukiitia maji ya moto inashika nguo milele. Aliyageuza moja moja kutafuta tundu, mchaniko, alama yoyote ya askari aliyeumia. Hakuna. Damu yote ilikuwa ya watu wengine. Jioni, aliporudi nyumbani, binti yake alimwambia kwamba mwalimu wao hakuja shule, amelazwa, amepasuliwa kichwa uwanjani.

"Nilikuwa nimeshaifua," aliniambia. "Damu ya mwalimu wa mwanangu. Nimeisugua kwa mikono hii mpaka shati likawa jeupe, nikalinyoosha vizuri, nikalikunja. Nikajiona kama mimi ndiye niliyeficha kesi."

Kesho yake akapita kwenye karakana ya shemeji yake. Hakukaa. Alisimama mlangoni kama mtu anayeulizia kiti alichopeleka kutengenezwa.

"Sikiliza," alisema. "Siku za kawaida askari wanavaa kaptula. Wakienda msakoni wanavaa suruali ndefu nzito, kwa sababu ya miiba na mbwa. Na wanaziagiza kwangu siku mbili kabla. Nimeagizwa arobaini, ziwe tayari Alhamisi asubuhi."

Seremala aliweka randa chini. "Shemeji..."

"Usinishukuru. Nimekuja kuulizia kiti."

Alhamisi ile polisi walivamia nyumba ambamo wanachama walikuwa wakichapa karatasi zao. Walimkuta bibi mmoja kiziwi anashona shuka. Mashine ilikuwa imeshahamishwa, na karatasi zote pia. Tangu hapo, kwa karibu miaka miwili, kila suruali ndefu zilipoagizwa kwa wingi Mama Wanga aliulizia kiti chake. Majirani walianza kumsema yule seremala kwamba ni mvivu ajabu, kiti kimoja miaka miwili.

Waliokuwa wakitafutwa walipata muda wa kukimbilia maeneo mengine. Wangapi, hakujua, wala hakuuliza majina. "Nikiulizwa nisiwe na cha kusema," alisema.

Sasa, mkuu wa polisi hakuwa mjinga. Aliona kila akipiga hodi, wenyeji wameshaondoka. Akamwita sajenti aliyesimamia stoo ya sare na chumba cha kufulia, mwananchi mwenzetu, mtu mrefu mkimya aliyetumikia jeshi hilo tangu ujana. Akampa wiki moja amtafute anayevujisha siri.

Sajenti alianza kuwapima watu mmoja mmoja. Ilipofika zamu ya Mama Wanga, aliagiza suruali hamsini ziwe tayari Ijumaa. Hapakuwa na msako wowote Ijumaa. Hakumwambia mtu mwingine. Kisha akaweka mtu wake karibu na nyumba ya kinyozi, ambapo alijua kuna mkutano siku hiyo, achungulie tu.

Mkutano haukufanyika. Hakuna hata aliyekohoa katika nyumba ile.

Jumatatu, kabla ya adhuhuri, sajenti aliingia chumba cha kufulia. Wafuaji wengine wawili walikuwa nje wakianika. Mama Wanga alikuwa amesimama mezani, mbele yake koti la sherehe la mkuu wa polisi, lenye vifungo vya shaba. Pasi ilikuwa imejaa mkaa mwekundu.

"Mama," sajenti alisema polepole, "zile suruali hamsini nilimwambia mtu mmoja tu."

Aliniambia kwamba aliiweka pasi pembeni. Hakukana. Aliona kukana ni kujidhalilisha bure.

"Afande, nina watoto wawili."

"Najua."

"Basi fanya unalotaka. Ila usinifunge pingu mbele ya shule, wapo darasani saa hizi."

Sajenti alichungulia mlangoni. Halafu akanyoosha mkono, akachukua pasi, akaiweka juu ya mgongo wa lile koti, akaiacha.

"Afande! Koti!"

"Nyamaza."

Moshi ukaanza kupanda. Mama Wanga alitaka kuiondoa pasi, si kwa sababu nyingine ila mkono wenyewe ulikuwa umezoea. Sajenti akamshika kifundo. Walisimama hivyo, wawili, wakitazama kitambaa kinageuka kahawia, kisha cheusi. Ndipo sajenti akapaza sauti mpaka uwanja mzima ukasikia: "Mwanamke mpumbavu wewe! Umeunguza koti la mkubwa! Toka! Toka nisikuone tena hapa!"

Mkuu alitoka ofisini mwenyewe. Alipoliona koti lake alitukana kwa lugha yake, kisha kwa lugha yetu ili aeleweke. Mama Wanga alitolewa getini saa ile ile, hata kanga yake aliiacha msumarini. Hakuna aliyeuliza jambo lingine lolote, kwa sababu sababu ya kufukuzwa kwake ilikuwa inanuka uwanja mzima. Sajenti aliandika ripoti kwamba siri zinavujishwa na askari wanaolewa na kuropoka baa. Askari wote wakapigwa marufuku pombe miezi mitatu. Kila akisimulia, Mama Wanga alikuwa akifika hapo anacheka mpaka anajipangusa macho.

Lakini wakati ule hakucheka. Mji mzima ulimjua kama fundi wa pasi aliyeunguza koti. Wateja walimkwepa. Hata wanawe waliamini. Hakuweza kujitetea, maana angemfungulia sajenti mlango wa kitanzi.

Uhuru ulipokuja, miaka mitatu baadaye, alimpigia pasi shemeji yake suti ya kuvaa jukwaani. Ndipo akamweleza. Seremala alimkatalia katakata.

"Yule? Shemeji, yule alikuwa uwanjani siku ile ya virungu!"

"Najua. Shati lake lilikuwemo kati ya yale kumi na sita. Nambari yake ya kwenye kola nilikuwa naijua. Nimelifua mimi."

"Halafu unamtetea?"

"Simtetei. Nakwambia kilichotokea."

Sajenti alistaafishwa bila heshima, akaishi peke yake karibu na soko, na watu hawakumsalimia. Mama Wanga alimsalimia. Mara moja kwa mwezi alimfulia. Waliongea kidogo sana. Siku moja nilimsindikiza, nikamsikia akimgombeza kwamba pasi ile aliiweka vibaya, mtu mwenye ujuzi haunguzi katikati ya mgongo, anaunguza pindo. Yule mzee akatabasamu, mara ya kwanza na ya mwisho mimi kumwona akitabasamu. "Nisamehe, mama," alisema. "Nilikuwa natetemeka."

Nilipokuwa nimeshazaa watoto watatu, kamati ya wilaya ilikuja nyumbani kuorodhesha majina ya waliosaidia kuleta uhuru, yachongwe kwenye ukuta mbele ya ukumbi. Seremala ndiye aliyewaelekeza. Kijana wa kamati akafungua daftari lake kwa adabu.

"Andika kwanza la sajenti," Mama Wanga alisema.

Kijana akakuna shingo. "Bibi, askari wa mkoloni hatuwaandiki. Ndiyo agizo."

"Basi na langu liache."

"Lakini bibi, wewe..."

"Mjukuu wangu, mimi bila yeye ningekuwa nimenyongwa, na shemeji yangu huyu pia, na nusu ya hao uliowaandika humo. Kama huna nafasi yake, huna nafasi yangu."

Tulimbembeleza siku mbili. Mume wangu alimsihi, seremala alikasirika akaondoka bila kuaga. Hakubadilika. Ukuta ukajengwa, una majina arobaini na moja, la seremala ni la tatu. La mama mkwe wangu halimo.

Alifariki akiwa na miaka themanini na mbili, mchana, amelala chali baada ya kula. Wakati wa mazishi nilimwona sajenti amesimama nyuma kabisa karibu na uzio, peke yake, ameinamia fimbo. Hakuna aliyemsogelea. Nikaenda ndani, nikatoa kiti, nikampelekea, kisha nikabaki nimesimama karibu naye mpaka shughuli ikaisha.