Italia Niliyoiandika Umbilo

Juzi nilipita Umbilo Road, hapa Durban, kubadilisha kioo cha simu. Kijana wa Kikongo alinitajia bei, nikacheka, nikaanza kuondoka, akaniita, tukaelewana nusu yake. Ndipo nikatazama sakafu, nikaona vigae vyekundu, kimoja kimepasuka pembeni, nikajua nimesimama wapi. Rafiki yangu, nilikasirika. Si na kijana, maana kioo alikiweka vizuri. Nilikasirika na mtoto wa miaka kumi na miwili ambaye siwezi kumpata nikamzaba kofi, kwa sababu mtoto huyo ni mimi.

Hapo palikuwa na duka la fundi viatu, Mtaliano, chini ya fleti tulizopanga mwishoni mwa miaka ya tisini. Ngazi thelathini na nne hadi kwetu. Nilizihesabu kupanda na kushuka, maana sikuziamini. Mama alitoka Kigoma na mabegi mawili na mimi, akauza vitenge mjini, na akikaanga dagaa Jumamosi jengo zima linafunga madirisha. Fundi peke yake ndiye aliyepanda juu na sahani tupu.

"Mama Kigoma, samaki dogo iko?"

Kiswahili chake kilikuwa cha kambi. Alitekwa akiwa askari kijana Uhabeshi, yaani Ethiopia, ambayo Wataliano walikuwa wameivamia, Waingereza wakamfunga Kenya, wakampa sururu atengeneze barabara, na lugha akaiokota humohumo vumbini. Baada ya vita akazungukazunguka hadi Durban. Nje ya mlango wetu, ni yeye tu niliyeongea naye bila kutafsiri kichwani. Kila nikitoka shule nilikaa kwenye kigoda chake, harufu ya gundi ikinipanda kichwani, kahawa ikichemka kwenye kibirika, ananimegea mkate aliousugua nyanya na chumvi. Nilimwita Babu. Aliniita toto.

Mwaka huo mwalimu wetu wa historia alikuwa mpya, na mtaala mpya, na furaha nyingi kuliko tulivyohitaji. Akaleta shindano: kila mtoto achukue nchi, aandike ingekuwaje kama mambo yangekwenda vingine. Mshindi angepelekwa sekondari nzuri ya wasichana, ya bweni, bila ada. Mama aliposikia "bila ada" alikaa chini. Vikaratasi vya majina ya nchi vilikuwa ndani ya kopo la biskuti. Mimi nikachomoa Italia ya Wafashisti.

Sasa fikiria mtoto aliyekulia chini ya meza ya vitenge anapewa dola la kifashisti. Niliiendesha kama duka. Mama alinifundisha nisiguse kitu ninachokitaka, na wakigombana wawili niwauzie wote. Basi Kiongozi wangu hakuingia Vita vya Pili vya Dunia. Alikaa pembeni, akamuuzia huyu buti na yule mafuta ya zeituni, vita vikaisha na hakuna mwenye hasira naye. Akafa mzee, kitandani, mashati meusi, wale askari wa chama chake, wakipanga foleni kumlilia. Mrithi akaja, na mrithi wa mrithi, hadi mwaka wetu ule, bendera ileile. Kurasa kumi na moja. Nilizihesabu mara mbili.

Nikamsomea Babu, nikigeuza Kiingereza changu kuwa Kiswahili. Nilidhani nampelekea zawadi: hakuna vita, hakuna kutekwa, hakuna sururu. Nyundo yake ikasimama.

"Toto. Baba yangu iko wapi?"

Habari za baba yake nilizijua. Alikuwa mwalimu, akakataa kula kiapo cha Wafashisti. Mashati meusi wakamnywesha mafuta ya nyonyo ili aharishe mbele ya kanisa, wakamfungia kisiwani. Alirudi mwaka wa arobaini na tatu, vita vilipoiangusha serikali.

Nikapekua kurasa. "Bado yuko kisiwani, Babu."

"Mpaka leo?"

"Serikali haijaanguka."

"Basi angusha."

Eish. Zimebaki siku mbili, na kurasa zote zimesimama juu ya serikali hiyo. Nikafanya nilichokijua.

"Nikimtoa mwaka wa hamsini?"

"Yeye natoka arobaini na tatu."

"Arobaini na nane, ya mwisho. Kiongozi anampa msamaha."

Akaweka kiatu chini. "Msamaha? Yeye nakosa nini?"

Nikasema, "Babu, ni hadithi tu. Mimi nataka shule."

Alinitazama, akaokota nyundo. "Haya. Andika."

Nikajiona nimeshinda. Msamaha ukaingia ukurasa wa kumi, mistari mitano, na baba yake Babu akabusu mkono wa Kiongozi bandarini. Hilo la mkono niliongeza mwenyewe; lilipendeza.

Mwalimu aliipenda mistari hiyo kuliko yote. Aliisoma mbele ya wazazi, akasema mtoto huyu anaijua huruma. Babu alikuwepo, Mama alimwalika. Alivaa koti, akakaa hadi mwisho, akapiga makofi kama wengine. Shule niliipata. Na hakuna aliyegundua, si mwalimu, si mimi mtoto wa Kigoma, kwamba Wahabeshi nilikuwa nimewaacha chini ya bendera ileile miaka sitini. Hao sikuwahesabu hata mara moja.

Jumatatu nilishuka na viatu vya shule mpya, visigino vipigwe. "Shikamoo, Babu." Akanijibu kwa Kiingereza, kwa adabu, kama anavyojibiwa mteja: Jumatano vitakuwa tayari. Akanitengenezea viatu miaka mitatu zaidi, Kiingereza kitupu. Mama akimshushia dagaa, nasikia toka ngazini: "Asante sana, Mama Kigoma, samaki iko tamu." Kisha siku moja nikarudi kutoka bweni, nikakuta duka limefungwa, alikwishazikwa.

Leo Umbilo Kiswahili kipo kila mlango, cha Bukavu, cha Tanga, cha Nairobi. Cha Babu hakipo tena. Mara kwa mara nakaa naiandika upya insha ile kichwani, na kila mara inanishinda. Ili serikali ianguke lazima vita viingie, na vita vikiingia, askari yule kijana anatekwa, anapewa sururu, anapotea kwao maisha yote. Siwezi kumtoa baba bila kumfunga mwana. Nimeikata bei hiyo kila upande, haishuki. Na Babu aliikubali palepale aliposema "Basi angusha", kiatu mkononi, bila kuniomba nipunguze hata siku moja.